Tableti ya mzazi ni ya kukaa mezani

Wateja wengi wanaokuja kwenye kibanda changu hapa Kariakoo kutafuta tableti ya mama au baba huanza na swali moja: "Fundi, inchi ngapi inamfaa mzee?" Mimi nami huwauliza: itakaa wapi? Wengine hushangaa, maana walikuja wamejiandaa kuzungumzia RAM na kamera. Lakini kwa mtu wa miaka sabini na kitu, mahali itakapokaa tableti ndipo panapoamua karibu kila jambo: ukubwa wa kioo, uzito, spika, kamera ya mbele, mpaka aina ya kava. Kijana ataishika kitandani, ataitoa kwenye daladala, ataigeuza anavyotaka. Mzee huiweka mahali pamoja akaja kuikalia mbele, kama alivyozoea redio yake. Ukimnunulia kitu cha kushikwa mkononi, hata kiwe cha bei mbaya, mkono utachoka na kitaishia kabatini kimefunikwa kitambaa.

Mama yangu yuko Korogwe. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, jicho moja limeshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na vidole vyake ni vya mtu aliyeshika chaki na jembe maisha yake yote. Mengi ninayoandika hapa nimeyaona kwake, mengine nimeyaona kwenye tableti za wazee zinazoletwa kwangu kutengenezwa. Tableti iliyoharibika inasema mengi kuhusu mtu aliyekuwa anaitumia.

Uzito kwanza, inchi baadaye

Kioo hupimwa kutoka kona hadi kona, na inchi moja ni sentimita 2.54. Tableti ya inchi 11, basi, ina kioo cha kama sentimita 28 kwa mshazari. Kwa mzazi atakayesoma ujumbe, kuangalia picha na kupiga simu za video, mimi sishuki chini ya inchi 10.

Kuna zile za inchi 8 na ushee, kwa mfano Galaxy Tab A9, ile isiyo na alama ya kujumlisha mbele ya jina. Kioo chake ni inchi 8.7 na uzito wake ni gramu 332, kwa hiyo mkononi ni nyepesi na bei yake inavutia. Lakini ukiwa dukani fanya jambo hili: ingia kwenye mipangilio, kuza maandishi mpaka mwisho, kisha fungua WhatsApp. Utaona kila mstari una maneno machache tu, ujumbe mfupi unajaza kioo kizima, na kwenye baadhi ya programu kitufe cha "Sawa" kimesukumwa chini kabisa, hakionekani mpaka usogeze. Kwako ni kusogeza tu. Kwa mama ni mwisho wa safari, kwa sababu hajui kwamba huko chini kuna kitu.

Saizi ninayoipendekeza kwa wazazi wengi ni inchi 10.5 mpaka 11. Humo kuna Galaxy Tab A9+ yenye gramu 480, Lenovo Tab M11 yenye gramu 465, Redmi Pad SE ya inchi 11 yenye gramu 478, na iPad ya kizazi cha 10 yenye gramu 477. Zote ziko karibu na nusu kilo, na hapo hujaweka kava. Chukua pakiti ya sukari ya nusu kilo, inyanyue kwa mkono mmoja mbele ya uso, ukae hivyo kwa muda wa simu moja ya kawaida ya shangazi. Ndiyo maana nasema mezani.

Ukipanda juu ya hapo unakutana na iPad Air ya inchi 13 yenye gramu 617, Galaxy Tab S9 FE+ ya inchi 12.4 yenye gramu 627, na Tab S9 Ultra ya inchi 14.6 inayofika gramu 732. Ya inchi 12 au 13 nitamshauri mtu aichukue ikiwa macho ya mzazi yamepungua kweli na kila siku anasoma, tuseme Msahafu au Biblia, kwa maandishi makubwa. Akipata ukurasa mpana hatapoteza mstari kila mara. Ile ya inchi 14.6 simshauri mtu. Hata kuinyanyua kuihamisha kutoka meza moja hadi nyingine ni kazi, na ikimponyoka, bei ya kioo chake itakuumiza.

Tazama pia ukali wa kioo. Kuna tableti za inchi 10 zenye nukta 1280 kwa 800, na kuna zenye 1920 kwa 1200; nukta zikiwa nyingi, herufi zinakuwa kali zaidi. Karatasi ya maelezo itakuambia, lakini jicho lako pia litakuambia: kuza herufi "a" na "e", angalia kingo zake. Zikiwa na ukungu, mzee atadhani ni macho yake. Hilo linaniuma sana, mtu kulaumu macho yake kwa kosa la kioo cha bei rahisi.

Macho yenyewe

Kabla ya kutoa pesa ya tableti, mpeleke mzazi akapimwe macho. Kama hajapimwa siku nyingi, hospitali zenye kitengo cha macho zipo, KCMC kule Moshi na CCBRT hapa Dar zinajulikana na wengi. Mtoto wa jicho anatibika kwa upasuaji. Presha ya macho hailetewi dawa na kioo kikubwa, na ikiachwa inakula uoni kimyakimya. Tableti ya inchi 13 haitafanya kazi ya daktari.

Na ukiwa huko kuna jambo dogo ambalo watu wengi hawalisemi kwa mpimaji. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu kilichoshikwa mkononi, kama sentimita 40. Tableti iliyo kwenye stendi mezani huwa mbali zaidi, sentimita 50 mpaka 60. Mzee anavaa miwani yake, anaona ukungu, anaivua, anaona ukungu mwingine. Basi pima kwa futi kamba umbali kutoka kiti anachokaa mpaka mahali tableti itakapokuwa, umtajie mpimaji umbali huo. Mama yangu ana miwani mbili sasa, ya kitabu na ya mezani, na ile ya mezani imefungwa uzi mwekundu ili asizichanganye.

Mwanga nao ni kitu. Ukiweka tableti ikatazamana na dirisha au mlango, kioo kitaakisi uani kote na mzee hataona kitu. Dirisha likiwa nyuma ya tableti, litampiga machoni yeye. Iweke dirisha likiwa ubavuni. Na kwenye mipangilio, zima ule mwanga unaojiongeza na kujipunguza wenyewe. Weka juu kidogo ya nusu, ubaki hapo. Kuhusu maandishi meupe kwenye weusi, jaribu naye yeye mwenyewe akiwepo. Mwenye mtoto wa jicho mara nyingi huumizwa na weupe mwingi wa kioo, na giza humpa nafuu. Mwingine husoma vizuri zaidi weusi juu ya weupe. Usimchagulie kwa macho yako.

Vidole

Kioo cha tableti hakisikii nguvu, kinasikia umeme mdogo unaopita kwenye ngozi. Ngozi ya mzee ni kavu, na ya mtu wa shamba ina sugu. Ndiyo maana anagusa na hakuna kinachotokea, anagusa tena, halafu anakandamiza kama anavyominya vitufe vya kitochi chake, ile simu ndogo ya kawaida. Na akikandamiza kwa muda, tableti inadhani anataka kuhamisha aikoni. Aikoni inaachia, inateleza, inapotea, na jioni anakupigia: "WhatsApp imefutika."

Dawa zipo, na hazina gharama. Kwenye sehemu ya Ufikivu, ile yenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono, kuna mahali pa kurefusha muda wa kugusa na kushikilia. Weka mrefu kabisa. Kwenye Samsung unaweza pia kuifanya isihesabu miguso inayorudiwa haraka, jambo linalomsaidia sana mwenye mikono inayotetemeka, na kuna swichi ya kufunga mpangilio wa aikoni zisihame. iPad nayo ina marekebisho ya mguso kwenye sehemu hiyohiyo. Usibandike protekta nene ya bei ya chini. Inapunguza zaidi hisia ya kioo. Na mnunulie kalamu ile yenye ncha ya mpira, haihitaji chaji wala kuunganishwa. Kwa anayetetemeka, kalamu humpa mahali pa kuegemeza mkono.

Mkiwa dukani pamoja, mwachie mzazi aiguse yeye. Nimeona mara nyingi mtoto anaishika tableti, anaizungusha, anaonyesha, na mama amesimama pembeni na mkoba wake anaitikia "haya, haya." Mpe kiti. Mwambie ampigie mjukuu. Utajua yote unayotaka kujua kuhusu tableti hiyo kabla simu haijapokelewa.

Sauti na sura

Spika ziwe angalau mbili, kushoto na kulia pale tableti inapolala kwa upana. Tab A9+ na Lenovo Tab M11 zina nne. Tableti yenye spika moja upande mmoja, ikiwekwa kwenye stendi vibaya, sauti inaziba. Jaribu kwa sauti ya mtu anayeongea, usijaribu kwa muziki: fungua taarifa ya habari, rudi nyuma hatua tatu, usikilize kama maneno yanaeleweka. Muziki unaweza kusikika mkubwa kabisa na maneno yakawa matope.

Kamera ya mbele nayo ina mahali pake. Tableti ya mezani inalala kwa upana, kwa hiyo kamera inatakiwa iwe katikati ya upande mrefu. Ikiwa kwenye upande mfupi, mama atakuwa anakuangalia wewe lakini kwenye kioo chako anaonekana anaangalia ukutani, na nusu ya uso imekatwa. iPad ya kizazi cha 9 ilikuwa hivyo. Ya kizazi cha 10, iliyotoka 2022, kamera ilihamishiwa upande mrefu. Tab A9+ nayo iko upande mrefu.

Laini, Wi-Fi na ile simu yake ndogo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nyumba nyingi za wazazi wetu hazina Wi-Fi. Dukani watakuonyesha tableti nzuri kwa bei nzuri, na sababu ya bei hiyo ni kwamba haina tundu la laini. Halafu mtu ananiambia, "mama atawasha hotspoti ya simu yake." Mama hatawasha hotspoti. Simu yake ni kitochi, na hata angekuwa na simu janja, hizo ni hatua nyingine tatu kabla hajaona uso wa mjukuu.

Nunua yenye tundu la laini. Soma namba ya modeli kwenye boksi, usitegemee neno la muuzaji: Galaxy Tab A9+ ikiandikwa X210 ni ya Wi-Fi peke yake, ikiandikwa X216 inaingia laini. Redmi Pad SE ya inchi 11 haina tundu la laini kabisa, hata kama kioo chake kinapendeza. Kwa upande wa iPad, angalia sana: iPad Air za kuanzia 2024 zenye mtandao wa simu hazina tundu la kadi, zinatumia eSIM, yaani laini iliyomo ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo hakikisha kwanza mtandao mnaotumia unatoa eSIM na kwamba eneo la mzazi lina mawimbi yake. Kule kwetu kuna vijiji ambavyo mtandao mmoja unashika vizuri na mwingine unatafutwa juu ya kichuguu. Uliza majirani zake wanatumia laini gani, ndiyo umnunulie hiyo.

Laini isajiliwe kwa kitambulisho cha NIDA cha mzazi mwenyewe, kwa alama zake za vidole. Kisha piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake. Ukikuta asiyoijua, shughulikieni siku hiyohiyo.

Na kile kitochi chake usikiguse. Baadhi ya tableti zenye laini ni za data tu, hazipigi simu ya kawaida wala hazifungui menyu kama *150*00#. Hata ikiwa yake inaweza, mimi nasema pesa zibaki kwenye kitochi. Mama anajua menyu yake kwa kichwa, anajua wakala wake, hana haja ya kuanza upya. Tableti ibaki ya kuonana, kusikiliza na kusoma. Hii inamlinda pia: mtu akimtumia kiungo cha ajabu kwenye tableti, huko hakuna benki wala salio la kuchota.

WhatsApp kwenye tableti ya Android inaweza kukaa kwa njia mbili. Ya kwanza, unaisajili kwa namba ya ile laini ya tableti, inajitegemea. Ya pili, unaiunganisha na WhatsApp iliyoko kwenye simu nyingine; akaunti moja inakubali vifaa vinne vya kuunganishwa. Njia ya pili ina shimo lake: simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa vinatolewa. Mzazi aliyeunganishwa na simu ya mjukuu aliyerudi shule ya bweni ataamka asubuhi akute picha ya msimbo wa kuskani mahali pa watoto wake. Kwa hiyo mpe namba yake. Watumiaji wa iPad kwa miaka mingi hawakuwa na WhatsApp ya iPad yenyewe. Ilikuja Mei 2025, kwa hiyo sasa kizuizi hicho hakipo, ila iPad ya zamani sana angalia kama inaikubali.

Kama wewe uko Dubai au Sharjah, unajua tayari kwamba simu za WhatsApp huko hazipiti. Weka kwenye tableti ya mzazi programu unayotumia wewe, wengi huko wanatumia BOTIM, na uijaribu ukiwa bado nyumbani likizo, siyo baada ya kupanda ndege.

Ukiwa dukani

Jihadhari na tableti zenye majina usiyowahi kuyasikia na stika ya "512GB" mgongoni. Ninazifungua kila mara, ndani hazina kitu. Nyingine zimechezewa mpaka mipangilio yenyewe inakudanganya. Weka programu kama AIDA64 au CPU-Z uone kilichomo kweli. Fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya "Kuhusu", utafute mstari wa uthibitisho wa Play Protect. Isiposema kifaa kimethibitishwa, irudishe kaunta. Tableti yenye laini ina IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, upate jibu la kampuni na modeli, ulilinganishe na ulichoshika.

Ya mtumba siikatai. iPad ya mtumba iliyotunzwa inaweza kumfaa mzee kuliko tableti mpya ya ovyo. Sharti ni moja: iwashwe mbele yako kuanzia mwanzo, baada ya kufutwa kabisa, mpaka ifike kwenye aikoni bila kudai barua pepe ya mtu mwingine na bila kuandika kwamba inasimamiwa na shule au kampuni fulani. Ikidai, hata iwe bei ya karanga, iache. Mimi siifungui, na anayekuambia ataifungua anakula pesa yako.

Tundu la chaji liwe USB-C. Kwenye tableti za wazee ninazotengeneza, ugonjwa mkubwa siyo kioo, ni tundu. Zile za tundu la zamani, waya unaingia upande mmoja tu. Mzee haoni vizuri, jioni taa hafifu, anausukuma kichwa chini, tundu linapanuka na siku moja halichaji. USB-C inaingia upande wowote. Nunua waya wa mita mbili, uufunge kwenye mguu wa meza kwa kamba ili ncha ibaki palepale, isianguke chini akaanza kuinama kuitafuta.

Kava nzuri ya mzee wanauza kwenye meza za vitu vya watoto: ile ya sponji nene yenye mkono wa kubebea ambao ukiukunja unakuwa mguu. Wengine huona haya kumpa mzazi kitu cha rangi ya bluu ya watoto. Nyeusi ipo, ulizia. Ina uzito mdogo, haitelezi kwenye kitambaa cha meza, na ikianguka sakafuni inadunda.

Kuisetia kabla hujaipeleka

Tenga jioni nzima kwa kazi hii. Tableti ya dukani ikifika kijijini kama ilivyo, imekwenda bure.

Anza na lugha. Android ina Kiswahili, WhatsApp ina Kiswahili. Mama yangu Kiingereza anakijua, lakini mashine inapomwambia jambo kwa Kiswahili anaisoma bila woga. Kuza maandishi na ukubwa wa vitu vyote, weka herufi nzito. Zuia kioo kisijizungushe, kibaki kwa upana. Kioo kizime baada ya dakika kumi, siyo sekunde thelathini.

Ukurasa wa mwanzo usiwe na programu. Uwe na watu. WhatsApp ya Android inakuruhusu kufungua mazungumzo ya mtu na kuweka njia yake ya mkato kwenye kioo cha mwanzo, na inakuja na picha yake. Mama akiwasha tableti anaona sura sita: mimi, dada zangu, mdogo wetu wa Mwanza, wajukuu wawili wakubwa. Anagusa sura, anakuta kitufe cha video. Hajui neno "programu" na halihitaji. Hakikisha kila mmoja ameweka picha ya uso wake kwenye wasifu. Aliyeweka ua au gari atafute nyingine. Chini ya sura hizo weka YouTube, picha, na kile anachosoma. Mengine yote yaondoe au yafiche. Kwenye iPad kuna mfumo unaoitwa Assistive Access, ulioletwa na iPadOS 17 mwaka 2023, unaobakiza vitufe vichache vikubwa tu. Kwa mzazi ambaye kumbukumbu imeanza kupungua ni msaada mkubwa.

Kuandika kunawachosha. Kibodi ya Google inapokea Kiswahili kwa sauti tangu 2017: unagusa maikrofoni, unaongea, inaandika. Wengi wao, hata hivyo, watapenda ujumbe wa sauti, na hapo mfundishe kutelezesha kidole juu ili ijifunge yenyewe, asilazimike kushikilia hadithi nzima ya msiba wa jirani.

Kisha linda bando. Zima upakuaji wa picha na video wa WhatsApp unaojiendesha, weka Play Store isasishe kwa Wi-Fi tu, washa kipengele cha WhatsApp cha kutumia data kidogo kwenye simu, na YouTube iteremshe hadi 480p. Usipofanya hivi, makundi ya ukoo na kwaya yatamaliza bando usiku, asubuhi mzee atakuta hakuna kinachofunguka na ataamini ameiharibu. Mkubaliane nyumbani nani ananunua bando na tarehe gani, lisiwe jambo la mama kuombaomba.

Wajukuu watakuja likizo. Android kwenye tableti nyingi inakubali watumiaji zaidi ya mmoja, kwa hiyo watengenezee wa kwao, magemu yakae huko, na upande wa bibi usiguswe.

Na usalama. Washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp, uwe na namba sita ambazo wewe unazo zimeandikwa mahali. Kaa naye, mweleze kwa heshima kwamba hakuna mtu, hata anayejiita mtoto wake, anayepaswa kutajiwa msimbo uliokuja kwa ujumbe. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zimeshamfikia kwenye kitochi, anazijua. Mwambie kwenye tableti zinakuja na picha na sauti, na mtu akijitambulisha kwa namba mpya, afunge, akupigie kwa ile ya zamani. Namba ya utapeli itumwe kwenda 15040.

Siku ya kumkabidhi

Nenda mwenyewe kama unaweza, ulale hata usiku mmoja. Siku ya kwanza jambo moja tu: kupokea simu ya video. Mdogo wako apige kutoka chumba cha pili, yeye apokee. Apige tena. Kupiga mwenyewe kuje kesho yake. YouTube isubiri. Usimnyang'anye tableti ili umwonyeshe. Mwekee kidole chako juu ya meza, umwelekeze kwa maneno, maana mkono wake ndio unaojifunza. Andika hatua kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi na uibandike ukutani juu ya meza: gusa sura, gusa alama ya video, subiri.

Ukisharudi mjini, atakwama. Tangu Agosti 2023, WhatsApp ina kitu cha kuonyesha kioo ndani ya simu ya video. Mfundishe hilo mapema, mara kadhaa, mkiwa pamoja: ukiwa kwenye simu naye aguse kile kitufe cha kushiriki kioo, akubali, na wewe unaona kilicho mbele yake neno kwa neno. Weka hatua hizo nazo kwenye karatasi ya ukutani. Ukiona kilicho mbele yake, humwulizi tena "umebonyeza nini?", swali linalomfanya ajisikie mkosaji. Unamwambia tu, "Mama, juu kulia kuna alama ya msalaba, gusa hapo," na mnaendelea na maongezi mliyokuwa nayo.